Kilemba Kisichouma

Nimeukimbia mji huu wa Goma mara tatu. Mara ya kwanza ni moto wa mlima, mara ya pili ni risasi, na mara ya tatu ni moto tena, miaka kumi na tisa baada ya ule wa kwanza, tulipopita Lac Vert kwa miguu tukaenda kulala Sake kwa watu ambao hata majina yetu hawakuyajua. Mwaka huu mji ulipochukuliwa tena, sikukimbia. Magoti yalikataa. Nilijifungia ndani na bwana wangu Barthélemy, dereva mstaafu wa barabara ya Masisi ambaye siku hizi anafuga sungura, tukasikiliza mizinga huku sungura wakitafuna majani yao kana kwamba hakuna kitu.

Nyumba yangu ya kwanza iko chini ya jiwe jeusi la ule moto wa kwanza, lenye kimo cha mtu mzima. Vikwembe, vile vitenge vya harusi yangu, vilikwenda na moto huohuo. Lakini nina miaka arobaini na tisa, na nywele zangu ziko kichwani mwangu zote, toka kisogoni mpaka ukingoni mwa paji la uso. Kwa hizo namshukuru Mungu kwanza, kisha Mama Alima wa mtaa wa Murara. Najua kuna watakaosema nywele ni jambo dogo la kumshukuru mtu wakati watu wanakufa. Waseme. Mimi nitaeleza deni langu kwake, maana nywele ni nusu yake tu.

Mama Alima alikuwa jirani yangu, ua kwa ua. Babu zake walitoka Kasongo, kule Maniema, na bwana wake, Muzee Aruna, alikuwa na duka la vikwembe katikati ya mji. Bwana aliuza kitambaa, bibi alikifunga. Ukitaka kilemba cha sikukuu, cha harusi, cha kwenda kumpokea mkwe, ulikwenda kwa Mama Alima. Waislamu walikwenda, Wakatoliki tulikwenda, wa Kiprotestanti walikwenda kimyakimya kwa sababu mchungaji wao hakupenda mambo ya madaha. Alikuwa akichemsha amido, ule wanga wa mihogo, anachovya kitambaa, anakianika, anakipiga pasi ya makaa mpaka kinakuwa kigumu kama karatasi ya saruji. Kisha anakukalisha chini, anaweka goti lake mgongoni mwako, anavuta.

Kuvuta kwake kulikuwa kwa kulia. Machozi yakitoka alifurahi.

"Kilemba yenye haiume, haijafungwa," alikuwa akisema.

Nasi tuliamini. Kilemba chake kilisimama kama mnara, hakikutikisika hata ukicheza ngoma kutwa nzima, na maumivu ya kichwa tuliyahesabu kuwa sehemu ya sherehe, kama pombe kwa wanaume. Jumatatu ungetuona kwenye foleni ya maji, wanawake wazima wenye alama ya mkanda kwenye paji la uso. Kichwa chake mwenyewe hakuna aliyewahi kukiona. Alikuwa mfungaji hodari kuliko wote, kwa hiyo tulidhani chini ya kile kilemba kuna nywele za kufika mgongoni.

Mimi nilikuwa na siri yangu. Nikiwa na miaka ishirini na minne nywele za mbele ya masikio zilianza kukatika. Paji la uso likawa linapanda juu, mwezi hadi mwezi, kama ziwa linalokula ufuko. Sikumwambia mtu. Nilizidi kufunga kilemba ili kuficha, na kadiri nilivyofunga ndivyo kilivyozidi kuzing'oa. Hata bwana wangu nilimficha, nikawa nalala na kitambaa kichwani nikisingizia baridi ya Goma. Angalau baridi ipo.

Ikafika Januari ya mwaka elfu mbili na mbili. Waasi ndio waliokuwa serikali yetu wakati ule, tulishazoea. Nyiragongo, mlima wetu wa moto, hatukuwa tumeuzoea namna ile. Siku ya Alhamisi mlima ulipasuka ubavuni, na mchana watu wakaanza kushuka toka juu wakisema moto unakuja na njia. Barthélemy alikuwa Walikale na lori. Nyumbani nilikuwa mimi, mdogo wangu Héritière aliyekuwa na miaka kumi na sita, mtoto mchanga mgongoni, Moïse wa miaka sita na Solange wa miaka minne. Mama Alima alitokea kwenye ua wake na Muzee Aruna, akasema, "Mama Moïse, leta batoto, tunaenda pamoja."

Nusu ya mji ilikuwa imeelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kwenye barabara moja. Magodoro, mbuzi, vyerehani, wagonjwa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Nyuma yetu kulikuwa na ngurumo na harufu ya petroli iliyoungua. Nilimshika Solange mkono, Moïse akashika kikwembe changu. Kisha watu wakasukumana, nikaangalia mkono wangu, na mkono ulikuwa mtupu.

Sitaeleza sauti niliyoitoa. Mama Alima ndiye aliyemwona, alipiga mbizi katikati ya miguu ya watu akamtoa kwa kushika gauni. Akamsimamisha mbele yangu. Kisha akapeleka mikono yake kichwani, akachomoa pini moja baada ya nyingine, akazitia mdomoni, akafungua kile kilemba chake cha kijani na njano, mita tano nzima za kitambaa chenye amido. Akamfunga Solange kiunoni, akamfunga Moïse, ncha moja akajifunga mwenyewe na nyingine akanifunga mimi.

"Sasa twende," akasema. "Hakuna mutoto atapotea."

Kichwa chake kilikuwa wazi. Toka paji la uso mpaka utosini hapakuwa na kitu, ngozi tupu inayong'aa kama kiganja. Juu ya masikio, hakuna. Kisogoni tu zilibaki nywele kidogo zenye mvi, zimesukwa visuko vinne vyembamba. Na watu, ndugu zangu, watu ambao nyumba zao zilikuwa zinaungua dakika ileile, walipata nafasi ya kugeuka na kuangalia. Alitembea hivyo, mke wa Kiislamu wa watu wa heshima, kichwa wazi mbele ya wateja wake wote, toka Murara mpaka Gisenyi.

Mimi nilikuwa na kilemba changu kichwani, kimekaa imara. Sikukivua nimpe. Nilifikiri juu ya jambo hilo njia nzima, na njia nzima niliona vipara vyangu viwili machoni mwa watu, nikanyamaza. Watoto wangu wakiwa wamefungwa na kitambaa chake, nikanyamaza.

Ningeishia hapo ningekuwa na dhambi moja tu. Lakini siku ya pili kule Gisenyi, kwenye foleni ya maji, Mama Kahambu muuza maharage, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, aliniuliza kama ni kweli aliyoyasikia. Nami, badala ya kusema mwanamke huyu amewaokoa watoto wangu, nilisimulia kichwa. Nilisimulia kwa mikono, nikajipapasa juu ya kilemba kuonyesha upara ulivyoanzia na ulivyoishia. Watu walikuwa wamelia siku mbili, walitaka kucheka, nikawachekesha.

"Kinyozi hajinyoi," alisema Mama Kahambu, "na huyu mufungaji amejifunga mpaka mizizi!"

Kicheko kikapasuka. Nilipogeuka nilimwona Mama Alima mwisho wa foleni, na ndoo yake, na kipande cha shuka kichwani. Alikuwa amesikia tangu mwanzo. Zamu yake ilipofika alichota maji, akapita karibu yangu, akauliza, "Batoto banaendelea muzuri?" Nikasema ndiyo. Akaenda zake.

Tulirudi Goma baada ya siku chache, mawe yakiwa bado na joto. Sehemu kubwa ya mtaa wetu ilikuwa chini ya makoro, yale mawe ya volkano, na duka la Muzee Aruna liliisha lote. Tulijenga vibanda vya mbao juu ya mawe hayohayo, kila mtu akikisia ua wake ulikuwa wapi. Pasaka ilikuja, harusi zikaanza tena, maana watu wa Goma hawawezi kukaa miezi mitatu bila kuoa. Hakuna aliyekwenda kwa Mama Alima. Walikwenda kwa Mama Ernestine, mtaa wa pili, aliyefunga kwa amido na goti vilevile kama alivyokuwa akifunga Mama Alima. Nani amkabidhi kichwa chake mtu aliyejimaliza mwenyewe? Mama Alima akawa anakaanga maandazi mlangoni. Nilikuwa nanunua kila asubuhi kwa sababu ya aibu, nikanenepa kwa toba.

Siku moja chanuo kilitoka na fungu la nywele la kujaza mkono. Nililikunja ndani ya gazeti, nikaenda kwake.

"Mama Alima," nikasema, "kule Gisenyi, mi njo nilisema, mi mwenyewe."

"Najua. Nilikuwa pale."

"Unisamehe."

Aligeuza andazi kwenye mafuta, akaligeuza tena. Nilidhani atanifukuza, na angenifukuza ningekubali.

"Toa kitambaa," akasema.

"Hapa?"

"Ingia ndani, basi. Kichwa yenye sijaona, sifungake tena. Tangu ile siku niliapa."

Nilivua. Alinipeleka penye mwanga wa dirisha, akapitisha vidole mbele ya masikio yangu, polepole, akabonyeza ngozi, akanusa hata. Hakucheka, hakusikitika, aliangalia kama fundi anavyoangalia mashine iliyoharibika.

"Yangu mizizi ilikufa," akasema. "Miaka makumi mbili nilikuwa navuta, haiwezi rudi. Yako bado. Mungu anakupenda."

Nililia pale, na sikuona haya.

Kumbe miezi ile yote ya kukosa wateja hakuwa amekaa bure. Alikuwa akifunga sufuria. Alipindua sufuria kubwa juu ya kigoda, akaifunga kilemba kwa namna moja, akatikisa, kikaanguka, akafunga kwa namna nyingine. Alikuwa ametafuta kosa lake mwenyewe kama mtu anayetafuta tundu kwenye bati, na alilipata. Kosa lilikuwa amido kwanza. Kitambaa chenye amido kinakauka, kinakunywa mafuta yote ya nywele, na ukingo wake unasugua kama msumeno. Kosa la pili lilikuwa kukifanya kilemba kisimame kwa nguvu ya kuvuta paji la uso, wakati kichwa kina mahali pengine pa kubeba mzigo. "Sisi bote tunabebaka maji ku utosi," aliniambia. "Kwa paji la uso, nani anabebaka ndoo?"

Basi akabadilisha. Nywele zioshwe, zikauke kabisa, maana kilemba juu ya nywele mbichi huziozesha shina. Zioshwe kwa maji ya ziwa, si ya mvua za kwanza, kwa sababu mvua ya kwanza hushuka na majivu yote ya mlima. Kisha mafuta ya mbarika kidogo, yapashwe moto mkononi, yapakwe kwenye ngozi. Masuko yalegee. Juu yake akafunika kitambaa laini alichokata kwenye bitana ya koti kuukuu la mtumba, ili kilemba kisiguse nywele kabisa. Ndipo akaweka kilemba chenyewe, akianzia kisogoni, akaleta ncha mbele, akazipishanisha, akazirudisha nyuma, na pale nyuma akaweka ringi ya kitambaa, kama kata ya kubebea ndoo, ikabeba urefu wote. Alipomaliza aliingiza kidole kimoja kati ya kitambaa na paji langu. Kidole kisipoingia, alifungua akaanza upya. Na siku tatu za kilemba, siku moja kichwa kipumzike. Usiku kitambaa cha bitana tu, kimelegezwa.

Nilisimama mbele ya kioo. Kilikuwa kilemba kizuri, kirefu, na sikuhisi kitu. Jambo hilo liliniudhi. Kichwa kilichozoea maumivu hakiamini raha.

Nilifuata masharti yake mwaka mzima na zaidi. Baada ya miezi minne nilihisi kitu kama manyoya ya kifaranga mbele ya masikio. Kufikia Krismasi ningeweza kusukwa hapo. Nilimwonyesha Barthélemy, ambaye alinishangaza kwa kusema alikuwa anajua siku zote, aliogopa tu kuniudhi. Wanaume hawa.

Lakini wateja hawakurudi. Nilikuwa na nywele, naam, chini ya kilemba, ambako hakuna aliyeziona. Mwanzoni mwa mwaka wa pili mtoto mkubwa wa Mama Alima na Muzee Aruna aliwaandikia toka Kindu, kule Maniema: njooni, nina nyumba, Goma imewashinda. Muzee Aruna alitaka kwenda. Mama Alima aliomba kitu kimoja. Héritière, mdogo wangu, alikuwa anaolewa mwezi wa sita na Nsanzimana, kijana wa wafugaji wa Masisi, na mama yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi ndiye ningesimama mahali pa mama, na kilemba changu kingekuwa kirefu kuliko vyote katika harusi ile.

"Mi nakufunga mbele ya bamama bote ya Goma," aliniambia. "Kama kisha ile harusi hakuna hata mumoja ananiletea kichwa yake, tunaenda Kindu. Na kama inaanguka, mi naacha hii kazi kabisa."

"Haitaanguka," nikasema. Laiti ningeyaamini maneno yangu.

Siku yenyewe alinifunga asubuhi, kitambaa cha buluu na dhahabu, kisafi, bila amido hata tone. Kilipanda juu, kikajikunja kama ua la ndizi. Kidole kiliingia. Wanawake wengine wote walikuwa chumba cha pili, Mama Ernestine anawavuta, nikisikia wanavyogumia. Nilitikisa kichwa mbele ya kioo. Hakuna maumivu. Nikatikisa tena. Nikaanza kuwaza: nitainama mbele ya shangazi wa bwana harusi, nitacheza, nitabeba zawadi, na kitu hiki kimekaa tu juu yangu kama ndege. Mama Alima alipotoka kwenda kusali, niliingia chumba cha pili.

"Mama Ernestine," nikanong'ona, "unikazie kidogo, hapa mbele."

Alinikazia. Alivuta ncha mbili za mbele, akapiga fundo la pili juu ya paji, fundo la kiume. Maumivu yakaja, nikapumua. Nikatoka nikiwa na amani ya mjinga.

Kanisani kila kitu kilikwenda vizuri. Nyumbani, uani, zamu ilifika ya kumpokea shangazi wa bwana harusi, Mama Mukakalisa, mwanamke mrefu wa heshima, mwenye paji pana ambalo watu wote walilisifia kuwa ni la kitajiri. Alikuwa ameketi mbele ya meza ya chakula. Niliinama kumsalimu kwa mikono miwili. Fundo la pili lilikuwa limevuta uzito wote mbele, toka kwenye ringi ya nyuma. Nilikihisi kilemba kinainama pamoja nami, na niliposimama chenyewe hakikusimama. Kilikwenda mbele na bitana yake na kila kitu, kikaangukia kwenye bakuli la sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Ngoma ilinyamaza. Héritière alipiga kelele. Wanawake walinizunguka, wakanifunika kwa vikwembe vyao, wakanisukuma chumbani kama mtu aliyepigwa risasi, na Mama Mukakalisa akaja nyuma, na Mama Ernestine, na Mama Kahambu ambaye asingekosa tukio kama hilo kwa lolote. Wa mwisho kuingia alikuwa Mama Alima. Alikuwa amekiokota. Kitambaa cha buluu kilikuwa kinadondosha sombe kwenye miguu yake.

"Kumbe njo huyu alikufunga," alisema Mama Mukakalisa. "Balituambia habari yake."

Mama Kahambu alikohoa ili asicheke. Mama Alima alianza kukikunja kile kitambaa kichafu, mara mbili, mara nne, polepole sana, na mabega yake yakashuka. Nilijua anafanya nini. Alikuwa anafunga kazi. Kesho yake angeanza kufunga mizigo. Nami ningeweza kunyamaza tena, kama nilivyonyamaza barabarani. Nilikuwa na uzoefu.

Nikasema. Sijui nguvu ilitoka wapi, lakini namshukuru Mungu kwa nguvu ile kila siku. Nilisema kwamba yeye alikifunga vizuri, na mimi kwa kutomwamini nilikwenda kukikaza kwa siri, na fundo lile ndilo lililokiangusha. Nilisema kule Gisenyi mimi ndiye niliyewachekesha watu kwa kichwa chake kwenye foleni. Nilisema kilemba chake siku ile kilikuwa kimewafunga Moïse na Solange wasikanyagwe, na mimi nilikuwa na changu kichwani, na sikukitoa, kwa sababu nilikuwa na vipara hapa na hapa na niliogopa mvione.

"Ni kweli," akasema Mama Ernestine, na kwa neno hilo nimemheshimu mpaka leo. "Fundo ya mbele, mi njo nilipiga."

Mama Kahambu alikuwa ananikodolea macho. Hakuwa anacheka tena.

"Vipara wapi?" akauliza. "Hapo kuna nywele."

"Zilirudi. Yeye njo alizirudisha."

Alisogea, akagusa mbele ya sikio langu kwa kidole, kama mtu anayegusa kitambaa dukani bila uwezo wa kukinunua. Akavuta kidogo kuona kama ni za bandia. Kisha akaangalia wenzake.

Ni Mama Mukakalisa aliyekwenda kufunga mlango. Alisukuma komeo, akakaa kitandani, mgongo wima, akapeleka mikono kichwani akaanza kuchomoa pini. Kilemba kilipotoka nilielewa lile paji la kitajiri. Nusu yake ilikuwa ni nywele zilizokwisha kwenda. Ukingo ulikuwa mwekundu, una vidonda vidogo. Aliangalia ukutani, si sisi.

"Nilikuwa nadhani ni mimi tu," akasema.

Mama Kahambu akavua. Alikuwa na upara juu ya masikio yote mawili, yule aliyecheka kuliko wote, na alikuwa analia tayari. Akavua wa pembeni yake, na mwenzake, na mke wa katekista, na binamu zangu wawili toka Masisi. Mama Ernestine alivua wa mwisho, huku amefumba macho. Tulikuwa wanawake kumi na wanne katika chumba kile, na kumi na mmoja walikuwa na alama ileile, mahali palepale. Miaka yote ile tulikaa benchi moja kanisani, tukachota maji bomba moja, tukakimbia barabara moja, na kila mmoja alikuwa amejificha na kipara chake akidhani ni laana ya kwao.

Mama Alima aliweka kile kitambaa cha sombe chini. Akafungua kilemba chake mwenyewe, safari hii bila moto nyuma yake wala mtoto wa kuokoa, akasimama katikati yetu na ile ngozi yake inayong'aa. "Muniangalie vizuri," akasema. "Hii ni mimi nilijifanyia, na ninyi wengine nilibafanyia kwa mikono yangu. Munisamehe." Hapakuwa na aliyecheka. Héritière, bibi harusi, akiwa na gauni lake jeupe, ndiye aliyekwenda kumkumbatia, na baada ya hapo sikuona tena vizuri kwa sababu ya machozi yangu.

Nje wanaume walikuwa wanagonga mlango, wanasema chakula kinapoa. Mama Alima alinawa mikono kwenye beseni la watoto, akaikausha, akavuta kigoda karibu na dirisha.

"Nani anaanza?" akauliza.

Muzee Aruna alikuja saa kumi kumchukua mke wake waende nyumbani. Waliokuwa ndani walimwambia angoje kidogo. Alirudi saa kumi na moja, akaambiwa angoje. Mara ya tatu hakugonga tena. Alikaa kwenye benchi uani pamoja na Barthélemy, akaomba sahani ya wali, akamwambia kwamba Jumatatu atamwandikia kijana wao kule Kindu asiwangojee.